Pikipiki Imegoma Kuwaka: Tatizo ni Umeme au Mafuta?

Pikipiki ikigoma kuwaka, mkono wa wengi hukimbilia kabureta. Inafunguliwa, inapulizwa, inafungwa, na bado inagoma. Baadaye anapita mtu, anatazama usukani, anauliza: "Mbona swichi ya kuzimia iko kwenye OFF?" Pikipiki inawaka mara moja, na kabureta ambayo haikuwa na kosa lolote sasa ina skrubu iliyochubuka kichwa na gasketi iliyochanika.

Injini ya petroli haidai mengi. Inataka mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, inataka mgandamizo ndani ya silinda, na inataka cheche ya plagi ifike kwa wakati wake. Mgandamizo mara nyingi huchoka polepole, na pikipiki hukuonya kabla: nguvu zinapungua mlimani, kiki inakuwa laini mguuni. Kwa hiyo chombo kilichotembea vizuri jana na leo hakitaki kuwaka kinakuachia washukiwa wawili, umeme na mafuta. Kwa mbali dalili zao zinafanana. Ukisogea karibu, zinaachana.

Niseme mapema ninakoegemea: kagua umeme kwanza, lakini vipuri vya umeme vinunue mwisho. Sababu zake zitajitokeza tunavyokwenda.

## Ilizima vipi?

Kabla hujashika spana, kumbuka injini ilivyozima mara ya mwisho. Hilo peke yake linaweza kukupunguzia nusu ya kazi.

Umeme ukikatika, injini inazima kana kwamba mtu amezungusha ufunguo. Uko kwenye mwendo, resi umeishika vilevile, ghafla kimya. Wakati mwingine inakata na kurudi, inakata na kurudi, hasa ukipita kwenye mashimo au ukigeuza usukani. Hapo mshukiwa ni waya uliolegea, au uliokatikia ndani ya gamba lake bila kuonekana kwa nje. Nyaya zinazopita shingoni mwa pikipiki hukunjwa kila unapokata kona, na ndizo hukatika mapema kuliko nyingine.

Mafuta yakikatika, kifo ni cha taratibu. Injini inapoteza nguvu, inakohoa, inavuta na kuachia. Ukivuta choki wakati huo ikapata uhai kidogo, umeshapata jibu, kwa sababu choki hufanya mchanganyiko uwe na petroli nyingi zaidi, na injini iliyokuwa na njaa inashiba kwa muda. Dalili nyingine ni ya kusubiri. Unasimama dakika chache, inawaka vizuri, unakwenda kidogo, inakufa tena. Bakuli la kabureta lilikuwa linajaa polepole ulipokuwa umesimama, na injini inalimaliza haraka kuliko linavyojazwa.

Kama haikuzima njiani bali iliegeshwa ikiwa nzima, uliza imelala muda gani. Usiku mmoja, hasa wa mvua, unanielekeza kwenye umeme. Miezi kadhaa inanielekeza kwenye mafuta, na betri nayo haitakuwa salama. Petroli inayokaa ndani ya bakuli la kabureta hupoteza sehemu zake nyepesi kwa kuvukiza, ikabaki gundi ya rangi ya kahawia inayoziba matundu madogo. Na kama imegoma muda mfupi baada ya kujaza tangi, geuza utaratibu wangu: anza na mafuta, maana huenda yameingia na maji.

## Bonyeza stata, usikilize

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi bure. Kama stata haizungushi injini, mafuta hayahusiki hata kidogo. Tangi linaweza kuwa tupu kabisa na stata ikazungusha kama kawaida. Kwa hiyo anayefungua kabureta kwa sababu "nikibonyeza hakuna kitu" anatibu mguu ilhali kinachouma ni jino.

Ukimya kamili, taa za dashibodi zikiwa zimewaka, mara nyingi una maana kwamba swichi fulani ya usalama inazuia. Angalia swichi ya kuzimia, gia iwe nyutro, shika klachi, pandisha standi ya pembeni. Swichi ya standi iko chini kabisa, inakula tope na maji kila siku, na hukwama bila dalili. Inyooshe na kuirudisha standi mara kadhaa huku umebonyeza stata. Ikizungusha hata mara moja, umempata mhusika. Taa za dashibodi zikiwa zimekufa pia, nenda kwenye fyuzi kuu na nguzo za betri.

Mlio wa tik-tik-tik-tik wa haraka ni betri dhaifu au nguzo zilizolegea. Relei ya stata (swichi inayoendeshwa na umeme) inavuta, umeme unashuka, inaachia, inavuta tena. Mlio mmoja mzito wa "tok" kisha kimya, na betri ina nguvu, unaelekeza kwenye mota ya stata au kwenye waya mnene unaotoka kwenye relei kwenda kwake.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu hivi, ikifika 12.0 au chini, imekwisha. Lakini usomaji wa betri iliyotulia unadanganya sana. Weka ncha za mita kwenye nguzo, bonyeza stata, tazama namba. Betri nzima inashuka na kusimama juu ya volti 10 au karibu na hapo. Betri iliyooza ndani inaweza kusoma 12.5 ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka hadi 6 mara tu stata inapoigusa. Ukiiona namba inaanguka hivyo, usihangaike kuichaji mara ya pili na ya tatu.

Kabla ya kuihukumu betri, safisha nguzo zake. Unga mweupe au wa kijani unaoota pale unazuia umeme kuliko watu wanavyodhani. Fungua upande wa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha ufunge hasi mwisho, ili spana ikigusa fremu kwa bahati mbaya isirushe moto.

Stata ikizungusha kwa nguvu na injini haiwaki, ndipo sasa washukiwa wawili wanasimama sawa mbele yako.

Jambo moja kwa wenye pikipiki ndogo za kiki. Nyingi kati ya hizo, hasa za zamani, hupata umeme wa cheche kutoka koili maalumu iliyo kando ya sumaku ya injini, bila kupitia betri. Kwa pikipiki ya aina hiyo, taa zinaweza kufa, honi ikafa, stata ikafa, na bado kiki moja ikaiwasha. Kwa hiyo betri iliyokufa si ushahidi kwamba cheche haipo. Nyingine hutegemea betri kwa kila kitu, na za injekta (zinazopuliziwa mafuta kwa umeme badala ya kabureta) ndizo zinazotegemea zaidi; ukizisukuma na betri tupu unajitoa jasho bure, kwa kuwa pampu na kompyuta ya injini hazina cha kula.

## Plagi ndiyo shahidi

Plagi ni mahali ambapo umeme na mafuta hukutana, ndiyo maana naitafuta mapema. Zungusha injini mara kadhaa ikiwa inagoma, kisha toa plagi hapo hapo kabla haijakauka. Puliza uchafu unaoizunguka kwanza, la sivyo mchanga utadondokea ndani ya silinda.

Tazama ncha yake. Ikiwa mbichi na inanuka petroli, mafuta yanafika. Tatizo ni cheche, au mafuta yanafika kupita kiasi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuzungusha kwa muda, mafuta hayafiki. Masizi meusi makavu yanasema mchanganyiko umekuwa mzito kwa muda mrefu: choki iliyokwama, eya klina iliyoziba, au bakuli linalofurika. Ikiwa imelowa oili nyeusi inayoteleza, hayo ni mambo ya ringi au sili za vali na yana siku yake.

Kisha pima cheche. Rudisha plagi kwenye kofia yake, laza chuma chake kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na tundu ilikotoka. Usiishike kwa mkono. Volti zinazopita hapo ni maelfu mengi. Mbali na tundu, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka mle unaweza kushika moto. Na igusane vizuri na chuma, maana kuzungusha injini huku cheche haina pa kwenda kunaweza kuua koili ya cheche (inayopandisha volti) au CDI (kiboksi cha umeme kinachoamuru cheche). Simama kivulini, zungusha. Unataka kuona cheche ya buluu yenye mlio wa kukatika-katika unaosikika. Cheche nyembamba ya manjano au nyekundu ihesabu kuwa haipo.

Hapo kuna mtego unaowapata hata wazoefu. Hewa iliyobanwa ndani ya silinda ni ngumu zaidi kwa umeme kuiruka kuliko hewa ya nje. Cheche inayoonekana nje ikiwa dhaifu inaweza isitokee kabisa ndani. Kwa hiyo "nimeona cheche" haitoshi. Uliza ni cheche ya namna gani. Plagi mpya ya akiba ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote. Mwanya wake kwenye pikipiki nyingi huwa kati ya milimita 0.6 na 0.9, na kitabu cha pikipiki yako kina namba kamili.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha matone. Cheche ikionekana nzuri na plagi ni kavu, tia matone machache tu ya petroli kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, peleka chupa ya petroli mbali, kisha zungusha. Ikiwaka sekunde moja au mbili ikafa, umeme una afya na mafuta ndiyo hayafiki. Isipojibu chochote, rudi kwenye cheche.

Kwa ufupi, ukiziweka ubavu kwa ubavu dalili zinakuwa hivi:

| Unachoona | Umeme | Mafuta |
|---|---|---|
| Ilivyozima | Ghafla | Ilikohoa, ikapungua nguvu, ikafa |
| Plagi baada ya kuzungusha | Mbichi, inanuka petroli | Kavu (au imefurika, mafuta yakizidi) |
| Cheche | Haipo, au nyembamba ya manjano | Ya buluu, ina mlio |
| Matone kwenye silinda | Hayasaidii | Inawaka kidogo, inazima |
| Choki | Haibadilishi kitu, au inazidi kulowesha plagi | Inataka kuwaka |
| Milipuko | Kwenye bomba la moshi: mafuta yaliyokosa cheche yanaungulia huko | Injini inapiga chafya kupitia kabureta: mchanganyiko ni mwepesi |
| Baada ya mvua au kuoshwa | Hapa ndipo huanza | Mara chache |
| Baada ya kulala miezi | Betri | Jeti ndogo (vipande vyenye tundu la kupitishia mafuta ndani ya kabureta), petroli iliyochacha |

Jedwali hili lisome kwa mistari mitatu minne pamoja. Dalili moja peke yake isikupeleke dukani.

## Ikiwa cheche haipo

Fuata njia kutoka plagi kurudi nyuma: plagi, kofia, waya, koili, CDI au kompyuta, koili ya kuchukua mapigo (inayotoa ishara ya wakati wa cheche), swichi. Vilivyo karibu na plagi ndivyo rahisi na ndivyo huharibika zaidi, kwa sababu vinaishi kwenye joto na maji.

Kofia ya plagi kwenye pikipiki nyingi hutoka kwa kuzungushwa, kama skrubu. Ndani yake mara nyingi kuna rezista ya ohm 5,000 hivi. Mita ikikuonyesha namba isiyo na mwisho, kofia imekufa, na hicho ni kipuri cha bei ndogo. Kagua mwisho wa waya: mara nyingi shaba yake imeoza na kuwa ya kijani. Kata milimita tano, rudisha kofia kwenye shaba safi, jaribu tena. Waya wenyewe ukague gizani injini ikizungushwa. Ukiona vijicheche vinarukia fremu, gamba limepasuka na umeme unavujia njiani kabla ya kufika kwenye plagi.

Kwa pikipiki zenye CDI isiyotegemea betri kuna jaribio moja ambalo watu hawalitumii vya kutosha. Mfumo huo huzima injini kwa kuupeleka waya wa kuzimia kwenye bodi. Kwa hiyo swichi iliyoingia maji, au waya uliochubuka ukagusa fremu, unaizima injini muda wote. Kwenye pikipiki nyingi za Honda na zile zilizofuata muundo wake, waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe. Uchomoe kwenye CDI kisha upime cheche. Ikirudi, CDI yako ni nzima na kosa liko kwenye swichi au kwenye kitasa cha ufunguo. Ila kumbuka kwamba waya huo ukiwa nje, ufunguo hautazima injini. Uwe tayari kuizima kwa kuweka gia, kushika breki na kuachia klachi taratibu. Baada ya jaribio urudishe.

Fyuzi iliyoungua ibadilishe na ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna waya unagusa bodi mahali fulani. Anayefunga karatasi ya sigara kwenye fyuzi hajaondoa tatizo, amelihamishia kwenye nyaya, na nyaya zikiwaka ziko chini ya tangi.

Kuhusu vifaa: ukilazimika kuchagua kati ya mita na taa ya kujaribia, watu watakuambia mita. Mimi ningebeba vyote, lakini taa ya balbu ina jambo ambalo mita haina. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Balbu inavuta, kwa hiyo kwenye waya huo itawaka hafifu au isiwake. Mita inakupa namba, balbu inakuonyesha kama waya unaweza kubeba kazi. Balbu usiipeleke kwenye nyaya za CDI, sensa na kompyuta. Huko tumia mita peke yake.

Na sasa sababu ya kusema vipuri vya umeme vinunuliwe mwisho. Upande wa mafuta, vitu vingi vinasafishwa na kurudi kazini: koki, kichujio, jeti, bakuli. Upande wa umeme, koili, CDI na rekitifaya (kinachogeuza umeme wa kuchaji betri) havisafishwi. Vimekufa au ni vizima. Ukibahatisha kwenye mafuta unapoteza muda. Ukibahatisha kwenye umeme unapoteza fedha, na maduka mengi hayakubali kurudishiwa kipuri cha umeme kilichokwisha kufungwa. CDI ndiyo inayoonewa zaidi, kwa kuwa ni kiboksi kilichofungwa ambacho huwezi kukitazama ndani. Kabla ya kuinunua, pima kila kitu kinachoizunguka, au iazime ya pikipiki ya aina ileile ujaribu.

## Ikiwa mafuta hayafiki

Kwa pikipiki ya kabureta, jibu kubwa liko kwenye skrubu ndogo chini ya bakuli. Weka chupa ya kioo chini yake, fungua koki ya mafuta, legeza skrubu. Hapo utaona mambo manne tofauti kwa dakika moja.

Petroli ikitiririka bila kukoma, tangi, koki na kichujio viko sawa. Kama plagi bado ni kavu, jeti ndizo zimeziba. Ikitiririka kidogo kisha ikabaki matone, kuna kizuizi kabla ya kabureta. Fungua kifuniko cha tangi. Mtiririko ukirudi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba na tangi lilikuwa linavuta ombwe. Isipotoka kabisa, angalia koki au sindano ya boya (inayofunga mafuta bakuli likijaa) iliyogandia kwenye kiti chake. Koki zinazofunguliwa na mvuto wa injini hazitoi mafuta injini ikiwa imesimama, kwa hiyo usizilaumu. Zikiwa na alama ya PRI (mafuta yapite bila kungoja mvuto), zigeuze huko kwanza.

Jambo la nne ni kile kilichoingia kwenye chupa. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, na mstari unaowatenganisha unaonekana wazi kwenye kioo. Ukiuona, kusafisha kabureta peke yake ni kazi ya kurudia. Tangi lazima limwagwe lote.

Jeti ya mwendo wa chini ndiyo inayoziba kwanza, na tundu lake kwa kawaida ni chini ya nusu milimita. Pikipiki yenye jeti hiyo imeziba hukataa kuwaka ikiwa baridi, au huwaka na choki na kuzima ukiirudisha. Itoe, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize, kisha iinue uitazame dhidi ya mwanga: unataka kuona duara kamili. Usiisukumie waya wa chuma. Tundu likitanuka hata kidogo, injini itakunywa mafuta kupita kiasi na hutajua kwa nini.

Upande wa pili wa mafuta ni kufurika. Plagi inatoka ikiwa mbichi, inadondosha, na umeme unaonekana mzuri nje. Rudisha choki, fungua resi yote, zungusha bila kuongeza kitu, hewa ikaushe silinda. Kama petroli inamwagika kwenye mpira wa chini ya kabureta, sindano ya boya haifungi. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, mara nyingi uchafu huachia. Pikipiki iliyofurika usiku kucha, nusa oili yake kabla ya kuwasha. Ikinuka petroli au kiwango kikiwa kimepanda, badilisha oili kwanza, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi kitu.

## Za injekta zinachanganya mipaka

Tangu India ianze kudai viwango vya moshi vya BS VI tarehe 1 Aprili 2020, hata pikipiki ndogo nyingi zinazotengenezwa kwa soko la huko zimekuwa zikija na injekta badala ya kabureta, kwa hiyo jambo hili si la pikipiki kubwa tu. Hapa kugawa "umeme au mafuta" kunakuwa kugumu, kwa kuwa mafuta yenyewe yanasukumwa na umeme.

Fungua ufunguo, swichi ya kuzimia ikiwa kwenye nafasi ya kuwasha, usikilize tangi. Lazima usikie mlio wa pampu kwa sekunde mbili tatu kisha unyamaze. Usiposikia, dalili zako zote zitakuwa za mafuta, plagi itakuwa kavu, lakini tatizo ni fyuzi, relei, soketi ya pampu au pampu yenyewe. Pampu ikilia na bado plagi ni kavu, fikiria kichujio au injekta iliyoziba. Mfumo huo kwa kawaida hushikilia mgandamizo wa bar 3 hivi, kwa hiyo usichomoe mpira wa mafuta ovyo. Utarushiwa petroli usoni.

Kama pikipiki ilianguka kabla ya kugoma, huenda sensa ya kulala imekata kila kitu kama ilivyotakiwa. Isimamishe, zima ufunguo, subiri kidogo, fungua tena. Na ile taa ya injini inayometa kwa mpangilio haipambi dashibodi: hesabu mimeto mirefu na mifupi, ulinganishe na kitabu. Kwa kazi hii injekta ni rahisi kuliko kabureta, maana inakutajia mgonjwa, japo wakati mwingine inayotajwa ni sensa ilhali aliyekosa ni soketi yake yenye kutu.

Tena, usizoee kutembeza pikipiki ya injekta tangi likiwa karibu tupu. Pampu nyingi hupoozwa na mafuta yanayoizunguka.

## Ile inayowaka ikiwa baridi na kugoma ikiwa moto

Hii ndiyo inayosumbua mafundi, kwa sababu pande zote mbili huigiza. Unatembea, inazima, unasubiri nusu saa, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiipeleka gereji inafika nzima.

Koili ya cheche, au koili ya kuchukua mapigo, ikiwa na ufa ndani hutanuka kwa joto na kukata. Ikipoa inagusana tena. Kifuniko cha tangi kilichoziba nacho kinafanya vivyo hivyo: ombwe linajengeka ukitembea, na hewa inapenya polepole ukisimama. Kuwatofautisha kunawezekana hapo hapo barabarani tu, injini ikiwa bado moto. Mara inapozima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa "fsss" na baada ya muda mfupi ikawaka, umemaliza. Isipowaka, usisubiri ipoe. Toa plagi kwa kitambaa, ina joto la kuunguza, upime cheche palepale. Kwa hiyo anayesafiri na tatizo hili abebe spana ya plagi na plagi ya akiba, kwa sababu kipimo kikifanywa nyumbani kitasema kila kitu ni sawa.

Cheche ikiwa nzuri injini ikiwa moto, mafuta yanatiririka, na bado inagoma, basi umefika kwa yule mshukiwa wa tatu tuliyemweka kando mwanzoni. Vali iliyobanwa sana haifungi kikamilifu chuma kikitanuka, na mgandamizo unavuja. Mwanya wa vali hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa namba za kitabu cha pikipiki hiyo, na kama huna fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya) mkabidhi fundi mwenye nayo umwambie umeshakagua nini.